Masikio Yale Yale, Barua Mbili

"Masikio ni haya haya, binti yangu, lakini yana barua mbili," alisema mwanajeshi mstaafu wa mizinga, kwa sauti iliyomfikia hata dereva wa basi. Jirani yake wa kiti alikuwa wakili wa msaada wa kisheria. Walikuwa wamejuana kwa vituo viwili tu. Barua ya jeshi ilisema anasikia vizuri, hastahili malipo ya ulemavu. Ya kiwanda alichokuwa akikilinda ilimwachisha kazi kwa kuwa hasikii.

Wakili alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Mzee wangu, kama jeshi limesema kweli, kiwanda kikurudishe kazini. Kama kiwanda kimesema kweli, jeshi likulipe."

"Nataka vyote viwili."

"Huwezi kuwa kiziwi asubuhi, jioni ukasikia."

"Mbona wao wameweza, tena kwa mihuri?"

Basi zima likaangua kicheko. Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nilificha kicheko changu nyuma ya gazeti, ambalo nililishika juu chini.

Wakili akamwinamia, akamnong'oneza sikioni kwa muda mrefu.

"Jumatatu tunawashtaki wote wawili," mzee akarudia kwa sauti ya mizinga, "na nisimwambie mtu?"

Basi likasimama. Tukashuka abiria thelathini, kila mmoja akimwahidi kwamba hatasema.