Verdiana wa Mchele Usio na Jiwe

Marehemu Verdiana Pontien alizaliwa Usevya tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mzee Pontien na mama Mariana, wakulima wa mpunga. Alisoma mpaka darasa la nne. Ilitosha. Barua zote za nyumbani alimsomea mume wake, ambaye shule hakuiona.

Alifunga ndoa na Gaspar Malale tarehe 7 Oktoba 1972. Alikuja na ungo wa mama yake. Mwaka 1984 walihamia Shanwe, akauza mchele. Kanisani kukiwa na sherehe, mchele ulipita kwanza mikononi mwake. Akimwona binti anachambua mbiombio, alimwambia: "Mwanangu, jiwe halina haraka. Litakusubiri mezani."

Mwaka 2018 Gaspar aling'ata jiwe kwenye wali mbele ya wakwe. Alimfokea mkewe, akamwita mvivu. Verdiana alichukua ungo akakaa nje. Mumewe akamchungulia: alikuwa anatupa mchele, anabakiza mawe.

Watu walisema amerogwa. Mtoto wao Ubaldo akawapeleka hospitali Mbeya. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau: ndani ya ubongo kuna seli ndogo za ulinzi. Zinaokota protini mbovu na kuzimeza kabla hazijarundikana. Kwa Verdiana uchafu umezishinda, na nyingine zimevurugika, zinakula hata vilivyo vizima.

"Kama mtu anayetupa mchele, anaacha mawe?" Gaspar aliuliza.

"Ndivyo, mzee. Dawa ya kuzirudisha kazini bado inatafutwa."

Njiani Gaspar aliomba radhi. Verdiana alikuwa ameshasahau kosa lenyewe.

Tangu hapo Gaspar alichambua mchele mwenyewe kila asubuhi, halafu akampa Verdiana ungo wenye mchele huo, mikono yake isikae bure. Miaka miwili ya mwisho Verdiana alimwita mumewe mgeni. "Karibu, mgeni," alisema, akarudi kwenye ungo. Nyumba ilikuwa na watu wawili, na mmoja ndiye aliyejua hivyo.

Aprili mwaka huu Verdiana alimwekea kitu kiganjani. Kilikuwa kijiwe.

"Hili lilikupita, Baba Ubaldo."

Hakumwita tena kwa jina hilo. Alishikwa na nimonia, akafariki nyumbani Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, Ubaldo, Agatha na Jeniffer, wajukuu tisa, na ungo mmoja. Kijiwe kimo kwenye mfuko wa shati la mumewe, aliyesimama hapa kaburini.

Verdiana, upumzike kwa amani. Yaliyobaki kwenye ungo atayachambua mgeni wako.