Milcah Kamene, Aliyewaombea Bundi Muda

Wapendwa waombolezaji, kwa kawaida ugonjwa husomwa karibu na mwisho. Marehemu aliagiza utajwe mwanzo, tena kwa sauti ya kufika mpaka getini: Milcah Kamene Omollo ameuawa na saratani ya kongosho. Hakuuawa na bundi. Anayesoma haya ni kaka yake mkubwa, Muthama, na hakupewa ruhusa ya kupunguza neno.

Kamene alizaliwa tarehe 3 Juni 1981 huko Kilungu, Makueni, mtoto wa nne wa Mzee Muindi na Mama Kanini. Wawili waliomtangulia walikufa wakiwa wachanga, kwa hiyo yeye akapewa jina Kamene, yaani asiyependwa, ambalo Wakamba humpa mtoto ili kifo kimdharau na kumpita. Kilimpita kwa muda, hatukatai. Enzi hizo bundi akilia, susu yetu, yaani nyanya, alitoka na kijinga cha moto akakirusha mtini. Kamene akiwa darasa la pili alimuuliza, "Susu, na bundi naye akifiwa, nani humlilia?" Alipigwa kofi na kuambiwa akalale. Swali hakuliacha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kilungu, akaendelea na sekondari ya wasichana Machakos, kisha akaja Nairobi chuo kikuu kusomea wanyamapori. Alihitimu mwaka 2005. Mzee Muindi alidhani binti yake atavaa kofia ya askari wa mbuga na kuwaongoza wazungu kuona simba. Alipoelezwa kwamba atakuwa akitafuta wanyama kwenye ploti za watu Karen, mtaa wa matajiri hapa Nairobi, alisema, "Basi hata ng'ombe wangu ungewatafuta hapa hapa bila karo."

Kazi yake wengi hamkuielewa, na alichoka kuieleza. Mtu akitaka kujenga penye miti ya zamani, kabla hajaomba kibali, sharti mtaalamu apite aone ni viumbe gani wa kulindwa wanaoishi pale. Kamene alifanya hivyo kutoka ofisi moja ndogo ghorofani karibu na Adams Arcade. Alizunguka ploti asubuhi na magharibi, akichungulia mashimo ya miti, akiokota manyoya, kinyesi, na vile vitonge vya mifupa ya panya ambavyo bundi hutapika. Hakuwa mtu wa kuzuia majengo, ingawa matajiri walimwita hivyo. Alichoomba mara nyingi ni muda tu. Ngojeni vifaranga waruke, alikuwa akisema, kisha jengeni.

Tarehe 12 Desemba 2009 aliolewa na Shem Omollo, fundi wa umeme kutoka Alego, Siaya. Walinunua kiploti hapa Kabiria, wakajenga, na Mungu akawapa Everlyn na Fidel. Mama mkwe wake, Mama Peres, alipofiwa na mumewe alikuja kukaa nao. Watu walitabiri vita, Mkamba na mama mkwe Mjaluo chini ya bati moja, lakini vita vilikuwa vya omena tu, wale dagaa wa ziwani. Siku moja Mama Peres alianika omena juani, na Kamene, bila kufikiri, akaanika vitonge vyake vya bundi kwenye sinia hiyo hiyo. Mama aligundua mkono ukiwa tayari umezama. Alikula sukuma wiki tupu kwa muda mrefu baada ya hapo, na kila aliyekuja kututembelea alisimuliwa.

Sasa tuseme la Karen, maana bila hilo hamtamjua. Mwaka 2022 Kamene alitumwa kuchunguza ploti moja iliyokuwa ikisafishwa kwa ajili ya nyumba za ghorofa. Kwenye tundu la mzeituni mwitu mkongwe alikuta bundi na vifaranga wawili. Aliandika ripoti yake vizuri kama alivyofundishwa: mti gani, uko wapi, uachwe mpaka lini. Mwenye mradi, tumpe haki yake, alikubali. Alimwita msimamizi wa mjengo, bwana mmoja aitwaye Kibe, akamwambia awakataze watu wasiuguse ule mti kwa sababu una bundi.

Kumbe wale watu walikuwa wakila chakula cha mchana chini ya mti huo tangu waanze kazi, wala hawakujua kilicho juu. Na wiki ile mwenzao mmoja alikuwa ameanguka akavunjika mgongo. Waliposikia neno bundi, wakajumlisha mambo yao. Kamene aliporudi kukagua, alikuta kisiki na majivu.

"Madam, mimi sikatai ni makosa," Kibe alimwambia. "Lakini ungenyamaza tu. Hao ndege walikuwa salama mpaka wewe ukasema wako."

Kamene alifukua majivu kwa mikono yake. Alirudi Kabiria na kifaranga mmoja aliyekufa ndani ya leso, akamzika nyuma ya jikoni; mwingine hakumpata. Shem anasema hajawahi kumwona akilia vile, hata alipomzika baba yake. Maneno ya Kibe yalimkaa kama mfupa kooni, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Tangu hapo alibadilisha namna yake ya kufanya kazi. Kabla hajaandika lolote alikaa na watu wa mjengo, akala githeri yao ya mahindi na maharagwe, akawauliza makwao wanasema nini juu ya bundi, akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akaongea. Mahali pengine walimwelewa. Mahali pengine alikuta kisiki tena. Hatutawadanganya mbele ya jeneza.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 alianza kuumwa tumbo na mgongo. Alidhani ni vidonda vya tumbo, sisi pia tukadhani hivyo, akanywa dawa za chemisti. Macho yalipogeuka manjano ndipo alipopimwa vizuri, na daktari hakuzungusha maneno. Alitibiwa kadiri ilivyowezekana. Kufikia Septemba alitaka kurudi nyumbani, na kitanda chake kikawekwa karibu na dirisha linalotazama jakaranda hii iliyopo uani.

Bundi alikuwa ameshahamia. Alikuja Agosti, akaingia kwenye tundu la juu la jakaranda, na kila magharibi alilia. Majirani walianza kuja mmoja mmoja, si kwa Shem, kwa Mama Peres. Jirani yetu Jeremy alijitolea kuleta msumeno wa mashine na vijana, bure kabisa. Hawakuwa na ubaya. Walimpenda Kamene, na waliona kifo kimekaa mtini kinapiga kelele.

Mama Peres naye aliamini vivyo hivyo, na aliingia chumbani kumwambia. Muthama alikuwepo.

"Nyathina," Mama alisema, maana siku zote alimwita mtoto wangu kwa Kijaluo, "nikubalie huu mti uende."

"Mama, daktari alinipa jibu langu mwezi wa nne. Huyu amekuja mwezi wa nane. Amekuta maneno yameshasemwa."

"Mimi sisemi amekuletea. Nasema amekuja kukuchukua."

Kamene alipumzika kidogo. Kuongea kulikuwa kazi. "Mama, ana watoto mle ndani. Nikifa mtaukata, na mtasema mmenilipia kisasi. Halafu kila bundi wa Kabiria ataitwa yule aliyemmaliza Kamene. Kazi yangu yote itakuwa imeisha hapo." Alimshika mkono. "Nipe neno lako. Mpaka waruke tu."

Mama Peres alimfunika shuka vizuri. Kisha akasema, "Haya." Alitoka akaenda kulia jikoni, na hakutaka kufuatwa.

Kamene alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, jioni, giza likianza kuingia, Shem akiwa amemshika. Na tuseme ukweli, kwa sababu wote mlio jirani mlisikia: dakika ile ile bundi alilia. Analia kila jioni saa hizo. Lakini nani angetusikiliza jioni ile? Kabla hata gari la mochari halijafika, Jeremy na vijana walikuwa getini na msumeno.

Walimkuta Mama Peres ameketi kwenye kigoda chini ya jakaranda, panga magotini.

"Rudisheni hicho kitu," aliwaambia. "Mimi namchukia huyu ndege kuliko ninyi nyote. Naamini yeye ndiye amemwita. Lakini mtoto nilimpa neno."

Jeremy aliondoka. Siku iliyofuata alikuja na mifuko ya unga na kupanga viti, na familia inamshukuru.

Kamene ameacha mume wake, Shem Omollo; watoto wake, Everlyn na Fidel; mama yake mzazi, Mama Kanini, ambaye sasa amezika watoto watatu; mama mkwe wake, Mama Peres; na kaka yake Muthama. Baada ya ibada hii safari ni Alego, atakakozikwa Jumamosi.

Tumepanga viti uwanja mzima, na tunajua wengi wenu mtabanana juani ili kukwepa kivuli cha jakaranda. Hatuwalaumu. Tunaomba tu asiyetaka kukaa pale asirushe jiwe. Yule mama mnayemwona peke yake chini ya mti amekataa hata kusafiri na jeneza, na jambo hilo kwa Mjaluo si dogo. Amesema atamfuata kaburini mti ukishakuwa mtupu.

Pumzika kwa amani, Kamene. Vifaranga bado hawajaruka, na Mama hajainuka.