Madaftari Saba ya Mwalimu Philemoni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mwalimu Philemoni wa Sekei, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja katika sekondari moja upande wa Kisongo. Ametutoka akiwa na miaka sabini na mbili. Ameacha mke, Irine, na binti, Sia. Ameacha pia madaftari saba, na hayo ndiyo yaliyonipeleka nyumbani kwake.

Alipostaafu, Mwalimu alianza tabia ya ajabu. Kila asubuhi alivaa koti, akachomeka kalamu mfukoni, akaondoka kwa miguu. Alikaa kwenye gereji za Sombetini. Alisimama kwenye nyumba zinazojengwa. Alisikiliza watu wakiongea, kisha akaandika. Watu hawakupenda kabisa. Wengine walisema anaorodhesha nyumba za kubomolewa. Bodaboda wakimwona anakuja, wanahama kijiwe. Fundi magari mmoja, Lengai, alimuuliza uso kwa uso: "Shikamoo mwalimu. Sasa unatuandika ili iweje?" Mwalimu aliitikia marahaba, akafunga daftari, akaenda zake.

Nyumbani ndiko kulikoharibika zaidi. Siku moja Irine alitaka kulifua lile koti, akakuta daftari. Akafungua. Akasoma: "Jackline. Saluni. Jumanne. Nywele." Akapindua ukurasa. Jackline tena.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Irine hakuuliza. Alirudisha daftari mahali pake, akahamia chumba cha Sia, ambaye alishaolewa. Alipika, akaandaa, akanyamaza. Miaka minne, wasikilizaji wapendwa. Narudia, miaka minne chini ya bati moja.

"Nilikuwa namvizia," Irine ameniambia bila kuficha. "Akikohoa, naona kuna kitu anaficha. Akisifia chakula ndiyo kabisa, nasema huyu ana lake jambo."

Mwalimu alizikwa kwao Machame. Siku ya kuondoa tanga, ukoo ulikaa kufungua sanduku lake mbele ya mashahidi, asije mtu akasema baadaye kwamba kuna kilichofichwa. Yakatoka madaftari saba. Mdogo wa marehemu, Yoeli, aliyashika kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Shemeji," akasema, "tuyasome, au tuyachome tu?"

"Yasomwe," Irine akajibu. "Kama ni kuaibika, niaibike mchana, watu wote wakiona."

Yoeli akasoma ukurasa wa kwanza. Mwalimu aliandika hivi: "Zamani nilimkosesha Silantoi wa kidato cha pili. Aliandika kwa Kiingereza kwamba saruji 'imeseti'. Nikamwambia neno hilo halina maana hiyo. Leo fundi amenizuia nisikanyage zege kwa sababu halijaseti, yaani halijakauka likashika. Mtoto alikuwa sahihi. Nitalitafuta neno hili mpaka nilijue."

Basi ndiyo hayo. Neno moja fupi la Kiingereza, 'set', ambalo sisi tumelifanya letu. Fundi anaseti valvu za injini. Mama ana seti ya vyombo. Saluni wanaseti nywele. Vijana wakimtega mtu, wanasema wamemseti. Kila alipolisikia, Mwalimu aliandika nani, wapi, siku gani. Hakumwambia yeyote, kwa sababu mwalimu mzima alikuwa anaona aibu kwa kosa la darasani.

Irine hakuamini. "Nikasema huyu alijua siku moja nitasoma. Ametunga." Akayabeba madaftari yote mpaka Sekei, akayasoma peke yake, akimtafuta Jackline. Jackline alitajwa mara mbili. Zile zile mbili.

Aliyetajwa kuliko wote ni Irine. "Irine. Jikoni. Vikombe vya wageni." "Irine. Chumbani. Saa ya kuamkia kanisani." Halafu, kuanzia ile siku ya koti, kila Jumapili, miaka minne, mstari mmoja tu: "Irine. Mezani. Hakusema kitu."

Alinisomea mistari hiyo mwenyewe. Alipofika katikati aliomba nizime kinasa sauti, nami nikazima.

Tunakupa pole Mama Sia, na Sia, na ndugu Yoeli, na ukoo wote huko Machame. Na wewe unayenisikiliza, huenda kuna mtu humo ndani unamvizia. Yuko chumba cha pili, anakohoa. Punguza sauti ya redio, uende ukamuulize.