Lori Linaloitika Salamu za Makaburini

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Bwana DC, umetufikia vumbi la njia yetu likiwa bado mabegani mwako, nasi tunasema karibu sana Mitole, karibu maji, karibu kivuli. Sisi tuliosimama mbele yako, wengine na watoto mgongoni, ni akina mama wa darasa la jioni. Tulianza tukiwa hatujui kushika kalamu, na risala hii tumeiandika wenyewe. Palipokwaruzika utuwie radhi: kuna mtoto aliyevuta karatasi.

Tunajua umekuja na amri ya kuchukua ufunguo wa lori ili lipelekwe Lindi likavunjwe vyuma. Hatukukusanyika kubishana na Serikali. Tunaomba tu, kabla mkono wako haujaupokea ufunguo huo, usikie habari nzima, kwa sababu iliyokufikia ofisini ilikuwa nusu.

LORI LETU

Lori hili lilikwenda vitani kabla ya kuja kwetu. Lilibeba askari wakati wa vita vya Hitla, na dereva wetu, Bwana Sipriani, husema ile saa ya kuhesabu maili ilishazunguka ikarudi mwanzo, kama bibi kizee anayeanza kutambaa upya. Tulipopewa lilikuwa limechoka, lakini lilitutua mzigo mkubwa. Kabla yake mgonjwa wa Mitole alibebwa kwa machela hadi hospitali ya Kivinje, wanaume wakipokezana mabega, na mama mwenye uchungu mbaya alifika Mungu akipenda. Lori lilipokuja, tulikwenda kuzaa na tukarudi.

Mwenzetu Mwanaima alimzaa Ahmadi wake baada ya uchungu uliokataa kwisha. Lori lilimfikisha, daktari akamsaidia, akarudi na mtoto analia. Daktari alimwonya kwamba uzazi mwingine asithubutu kuufanya nyumbani. Bwana DC, Mwanaima ndiye yule aliyekaa mkekani, na tumbo lake unaliona.

YALIYOTUPATA NJIANI

Kati ya hapa na Kivinje, barabara inapoteremkia mtoni, kuna makaburi upande wa kushoto. Ni ya watu wa njaa kuu iliyofuata Vita vya Majimaji, waliokuwa wakienda pwani kutafuta chakula wakaishia hapo. Majina ya wengi wao hayajulikani. Kwa desturi yetu mtu hapiti pale amekaa. Tukiwa kwenye lori sote husimama, tukaenda upande wa makaburi, tukainama juu ya ubao, na kila mmoja akaangusha jani bichi na kutoa salamu. Waislamu husema asalaam aleikum, enyi watu wa makaburini. Wakristo huvua kofia na kupiga ishara ya msalaba.

Mara ya kwanza ilikuwa adhuhuri, jua utosini, hakuna upepo. Tulisimama, tukainama, tukasalimu. Honi ikaitika.

Sipriani hakuigusa. Mwanaima alikuwa mbele kwa dereva, Ahmadi akiwaka homa mapajani mwake, na aliiona mikono yote miwili ya Sipriani juu ya usukani. Honi ilitoa sauti moja ndefu, na papo hapo injini ikakata. Lori likawa linateremka lenyewe, bila moto, bila ngurumo, linalia tu. Mwanaima anasema mlio wa injini ulipoondoka aliyasikia majani yetu yakianguka kando ya barabara, moja, kisha jingine, kama nyayo za mtu anayetembea nasi bila haraka. Watu walipokaa, honi ikanyamaza na injini ikashika tena.

Ikawa hivyo safari baada ya safari. Si zote. Tulipokuwa wachache lilikaa kimya, tukadhani tumesamehewa. Na tulipokuwa tukirudi nyumbani tulisalimu vilevile, lakini hatukujibiwa hata siku moja. Hapo ndipo hofu ilipoota mizizi, maana watu walisema: wafu wanawaita wanaokwenda, wanaorudi wanawaacha. Nani basi atampandisha mgonjwa wake? Romana, mke wa Bwana Nikodemo, alikataa katakata. Alisema hawezi kupelekwa mahali pa kuitwa. Wakambeba kwa machela, na kabla ya nusu ya njia wakageuka naye, wamemfunika uso.

Wapo pia wasioogopa. Bi Kidawa, ambaye mama yake aliachwa pale wakati wa njaa, yeye akiwa mtoto wa mbelekoni, alianza kupanda lori bila ugonjwa wowote. Alisalimu, akaisikia honi, akaitikia, "Abee, mama." Kisha aliketi akitabasamu, na sisi tuliokuwa karibu naye tulisogea kidogo.

Ofisi yako ilituletea fundi, Bwana Ambrosi wa Lindi, na tunakushukuru. Alifanya kazi yake kwa haki. Alipima betri, akafungua dinamo, akavuta nyaya moja moja. Kisha wakalipeleka lori makaburini, yeye na Sipriani tu, wakapita, wakageuza, wakapita tena. Kimya. Tulipomweleza mambo ya salamu alicheka akatuambia, "Akina mama, mimi nimekuja kutengeneza gari, sikuja kusoma hitima." Akaandika kwamba lori ni zima na dereva ni mwoga. Hatumlaumu. Ugonjwa wa kuja na kuondoka humpa taabu hata mganga. Mgonjwa anafikishwa kwake, homa imeshuka.

ALILOLIONA MWANAIMA

Baada ya hapo likatokea lile lililowafanya watu walikimbie lori kabisa. Tulikuwa tunakwenda Kivinje na makaburi yalikuwa bado mbali. Kwenye mashamba ya mikorosho akaonekana tembo jike upande wa kushoto, amesimama na mtoto wake. Watu wote walikimbilia upande ule kutazama. Honi ikalia. Injini ikakata. Na pale hapana kaburi hata moja.

Mzee Fakihi, mzee wa kijiji chetu, alisema kwa sauti ya chini, "Wametoka. Sasa wanatufuata."

Watu waliruka chini wakarudi kwa miguu. Tangu siku ile lori limesimama nyuma ya shule. Watoto wanalizunguka kwa mbali, na mbuzi wa Mzee Fakihi, wanaolala kila mahali, hawalali chini yake.

Lakini mimba haisubiri hofu za watu ziishe. Mwanaima alikuwa akitwanga, jambo hili likimzunguka kichwani, mpaka mchi ukamfia mkononi. Mwalimu Alfonsi, anayetufundisha jioni, ana neno lake mtu anapokwama kusoma: usiulize nani kakosea, uliza kosa limeanzia wapi. Mwanaima akajiuliza, makaburini kulikuwa na wafu, kwenye mikorosho kulikuwa na tembo. Wafu na tembo wanafanana nini? Hawafanani. Basi kinachofanana ni sisi. Mahali pote pawili tulikwenda sote upande wa kushoto. Tukirudi, makaburi yako kulia, tunaegemea kulia, kimya. Tukiwa wachache, hatuna uzito, kimya. Na fundi alikwenda na lori tupu.

Alimwendea Sipriani akamwuliza kama, watu wakipanda na kuegemea, yeye atakubali kuingia chini ya gari kutazama.

"Mama Ahmadi," Sipriani akasema, "hiyo mimba imekupanda kichwani. Na likiniangukia?"

"Likikuangukia, kaka, utakuwa wa kwanza kujua."

Tulipanda sisi wa darasa, mchana kweupe, tumeshikana mikono, wengine wakisoma dua na wengine Salamu Maria. Sipriani aliwasha injini, akaweka magogo kwenye magurudumu, akaingia chini. Mwanaima akasema twende kushoto. Tukaenda. Bwana DC, honi ililia palepale uani, na injini ikafa chini ya miguu yetu. Tulijua kwamba tunatafuta kasoro ya gari, na bado kila mmoja wetu aligeuka kutazama barabarani nani anakuja.

"Msiondoke hapo," Sipriani akaita kutoka chini. "Naiona."

Alichokiona ni hiki. Mahali bodi inapokaa juu ya chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, kuna kipande cha chuma kinachoshika fungu la nyaya. Safari nyingi zimeula mpira wa nyaya hizo mpaka ndani. Watu wengi wakiegemea kushoto, bodi inashuka kidogo na kuzibana nyaya mbili kwenye chuma, ile ya honi na ile inayoipa injini moto. Moja ikigusa chuma, honi inalia bila mkono. Nyingine ikigusa, injini inakata. Tukisimama sawa zinaachana, na mtu akichungulia haoni kitu. Sipriani anasema shaba tupu ilikuwa inang'aa mle gizani kama jicho lililo wazi. Alizifunga kwa mpira wa baiskeli na kipande cha kanga ya Mwanaima, akazisogeza mbali na kile chuma. Tukaegemea tena. Tukaegemea mpaka tukarukaruka, Mungu atusamehe. Kimya, na injini inaunguruma.

Ilitupasa kushangilia. Badala yake tulibaki vilevile, tumeinama upande mmoja, tunasikiliza. Bi Kidawa, aliyekuwa ameketi mlangoni mwa shule, akasema, "Mmemziba mdomo." Mwanaima alishuka akaketi karibu naye. Hakumwambia kwamba ilikuwa waya tu. Alimwambia, "Bibi, tutazidi kumsalimu. Asiyejibu naye anasikia."

SHIDA ILIYOBAKI

Baada ya hapo ofisi yako, iliyosikia tu kwamba watu wamelikimbia lori, ilituletea amri ya kwanza: lori lisibebe mtu. Tumetii. Kwa hiyo halijapita makaburini na watu tangu zifungwe zile nyaya, na Mitole imegawanyika. Mzee Fakihi anasema uani si makaburini. Anasema waya inaweza kunyamazishwa kwa kanga, wafu hawanyamazishwi. Nasi, tukisema kweli, tulioruka juu ya ubao kwa miguu yetu wenyewe, tukitazama kule barabara inakoteremkia, imani yetu hupungua. Hakuna mgonjwa atakayepanda mpaka aone wazima wamepita pale, wamesimama, wamesalimu, na gari limeendelea.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi lori jipya wala fundi mwingine. Ombi letu ni moja: usilihukumu likiwa tupu. Leo, kabla ya kuupokea ufunguo, mruhusu Sipriani aliwashe, uturuhusu tupande, nawe upande nasi. Tunakuomba usikae mbele. Panda nyuma, tunapopanda sisi. Tukifika makaburini tutasimama na kwenda kushoto, nawe uiname pamoja nasi, hata kama kwenu wafu hawasalimiwi. Uzito wako nao ni ushahidi. Mzee Fakihi amekubali kupanda endapo wewe utapanda, na ameshachuma jani lake.

Kiti cha mbele ni cha Mwanaima. Haya tunayaandika kwa kalamu nyingine, kwa sababu jana hatukuyajua: tangu alfajiri mgongo unamwuma kwa vipindi, na vipindi vinakaribiana. Alitukataza kuyaweka mwanzo wa risala, akasema mgeni hupokewa kwanza.

Honi ikilia, utashuka na ufunguo mfukoni, nasi hatutaomba tena. Tutamteremsha mwenzetu na kumbeba tuwezavyo. Ikikaa kimya, Bwana Mkubwa, tunakuomba usiagize gari ligeuzwe ili turudi kumalizia sherehe. Liache liende moja kwa moja hadi Kivinje. Wali na kuku tuliokuandalia tumeufunga kwenye majani ya mgomba, utakula njiani.

Mungu akupe mguu mwepesi wa kupanda ubao. Awarehemu waliolala kando ya barabara, wenye majina na wasio na majina. Amfungulie Mwanaima njia.

Ni sisi, akina mama wa darasa la jioni, Mitole.