Jasmer Sihaloho, Aliyesomewa Neno Mlangoni

Marehemu Jasmer Sihaloho alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 kijijini Simanindo, kisiwani Samosir, mtoto pekee wa kiume wa mzee Gomgom na mama Lamria. Tangu anatambaa, kila mgeni alimwambia: ukoo huu usikatikie kwako.

Alisoma shule ya msingi Simanindo na sekondari Pangururan, akamaliza mwaka 1967. Mwalimu wake alisema kijana huyu anahesabu upesi ila anasikiliza polepole. Mwenyewe aliyarudia maneno hayo hadi uzeeni, akicheka.

Alianza kwa kulima vitunguu, kisha akahamia mjini Siantar kwenye biashara ya mabasi. Alifanikiwa. Utajiri akaupata, heshima akaipata. Uzao ndio uliomnyima usingizi.

Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na Tiarma wa ukoo wa Sidabutar, fundi wa kufuma nguo. Mungu aliwajalia Rugun na Lasma, wote mabinti. Haya yanayofuata marehemu aliagiza yasifichwe. Mwaka 1983 alimwacha mkewe na mabinti zake, akachukua mwanamke mwingine Siantar ili apate mtoto wa kiume. Kanisa likamtenga. Mtoto hakuja, mabasi yakaisha moja moja, na mwanamke naye akaondoka.

Mwaka 1999 alirudi Simanindo peke yake. Wengi wetu tulipita mbele ya nyumba ile bila kugeuza shingo. Jumapili alisikia nyimbo za kanisani akiwa jikoni, akimenya vitunguu. Alijua vizuri kwamba mtu aliyetengwa, akifa hivyo, kanisa halimziki. Na ili apokelewe ilimpasa asimame mbele ya washarika wote akiri kwa kinywa chake. Kuliko hilo, alisema, afadhali afe.

Aliyemwendea ni mzee wa kanisa Parlin Turnip, kila Jumatatu, kumsomea neno la Jumapili. Marehemu alikuwa akizima redio na kunyamaza.

“Baba Rugun, moshi unatoka jikoni. Umemwachia nani moto?”

Mlango haukufunguka.

“Haya, basi nitausomea moshi.”

Akaketi kizingitini, akasoma, akaenda zake. Ikawa hivyo miaka na miaka, mvua na jua. Siku moja alisoma habari za mume ambaye mkewe alimkimbia akafuata wanaume wenye zawadi, naye mume akamfuata, akamrudisha nyumbani kwa upendo. Mlango ukafunguka.

“Mzee Turnip, huyo mume mjinga ni nani?”

“Ni Mungu.”

“Na mke?”

“Ni wewe, Baba Rugun.”

“Mimi? Mimi Sihaloho niwe mke wa mtu?”

“Tena mke mkorofi. Hebu nipe kahawa, koo limekauka.”

Walicheka wote wawili, kisha marehemu akalia mpaka kahawa ikapoa.

Jumapili, tarehe 12 Novemba 2017, alisimama mbele ya washarika, akasema alichofanya na aliyemfanyia. Akapokelewa. Baada ya ibada alimwendea Tiarma.

“Mama Rugun, nisamehe.”

“Nilishakusamehe zamani. Ila kwako sirudi. Nimezoea kulala bila kusikiliza hatua za mtu.”

Hakumlaumu. Kila Krismasi alipika samaki wa bizari wa kutosha nyumba nzima, akala peke yake, samaki waliobaki akawagawia majirani. Alikuwa akisema, “Mungu amenirudia. Watu nao wana haki yao ya kuchelewa.”

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Rugun na Lasma walipokezana kumpeleka hospitalini. Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Agosti 2023, akiwa na miaka 74, mzee Turnip akimsomea.

Jana, kaka zake Tiarma walimuuliza kwa sauti ya chini kama atakubali kufunikwa nguo ya ujane, maana hiyo huvikwa mke. Akawaambia, “Nifunikeni. Mjane wake nimekuwa tangu mwaka 1983. Ni ninyi mliochelewa kuleta nguo.” Akainamisha kichwa, wakamfunika.

Marehemu ameacha mjane, Tiarma. Mabinti wawili, Rugun na Lasma. Wakwe wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Bwana aliyempenda alipokuwa mbali amlaze sasa karibu naye, kwa amani.