Mikeka Mitupu Uani Kwangu

Shikamooni mama zangu, na wenzangu habari za mchana. Mmeona leo nimekaa katikati ya mkeka? Kwa miaka mitatu nilikuwa mtu wa mlangoni, kisha nikawa sionekani kabisa.

Ilianza baada ya mtoto wa tano. Mkojo ukinibana haunipi nafasi. Niko sokoni Buseresere, naacha nyanya mezani nakimbia, na mara nyingine sifiki. Nikapunguza kunywa maji. Nikaacha kwaya. Misiba nayo nikaacha, na mnajua misiba yetu: kina mama tunakaa mkeka mmoja, bega kwa bega, siku tatu. Ningeulowesha mkeka wa watu? Nikawa natuma unga, mwenyewe najifungia ndani. Mkasema naringa. Siwalaumu, sikumwambia mtu.

Ndipo mama yangu akafariki. Nikatandika mikeka sita uani. Wakaja wanawake watatu. Ndugu zangu, nawaambia, nilimlilia mama, na ile mikeka mitupu niliililia pia.

Mmoja wa wale watatu, jirani yangu, aliniona nikiinuka mara ya nne. Akanifuata.

"Mama Kulwa, tumbo linakuendesha?"

"Hapana."

"Basi ni kibofu. Usinifiche, mayu, mama yangu. Mimi nilikuwa najua kila choo kutoka hapa mpaka Geita!"

Nikacheka huku nalia.

Matanga yalipoisha akanipeleka hospitali. Wakapima mkojo: hakuna maambukizi, hakuna sukari. Mtaalamu akasema, "Vua kiatu." Kiatu? Naumwa huku, yeye anataka mguu! Akanieleza taratibu: mshipa wa fahamu unaopita karibu na kifundo cha mguu unapanda mpaka mgongoni, kule kule zinakopita amri za kibofu. Akachoma sindano nyembamba juu ya kifundo, akaiunganisha na kimashine cha umeme mdogo. Vidole vikawa vinachezacheza. Nusu saa, bila kidonge. Kila wiki, wiki kumi na mbili.

Wiki ya tano sikuona tofauti, nikataka kuacha. Jirani akaja na bodaboda: "Panda." Wiki ya nane niliuza nyanya mpaka fungu la mwisho, sikukimbia.

Sijapona kabisa. Usiku bado naamka mara moja, na hospitali narudi nikiitwa. Lakini nakaa na watu.

Asante mtaalamu. Asante jirani, sikutaji, unajijua. Kina mama, mwenzenu akiacha kuja, mbishieni hodi kwanza kabla ya kumsema. Na wewe uliyekaa pale mlangoni, mayu, njoo hapa kando yangu. Ukiinuka, nitainuka nawe.