Mama wa Jukwaa 114 Aliyekataa Tufungwe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuonyesha watu viti vyao, Mama Verlene Bodnar wa Jukwaa 114 anastaafu Jumapili hii, tarehe 11 Aprili, timu yetu ya mpira wa kikapu, Wapuliza Kioo, ikicheza mechi yake ya mwisho ya msimu hapa nyumbani Toledo. Jarida la wafanyakazi lilitafuta mtu wa kuandika habari zake na, kama ilivyotarajiwa, likaja kwangu mimi, Thaddeus Crump, muuza soseji anayejulikana kuliko nahodha wa timu. Shule niliiacha mapema, sifichi. Lakini nimeuza soseji katika kumbi za majimbo tisa, na mhudumu wa viti kama huyu sijamwona kwingine.

Alikuja kwetu kiwanda cha kioo alichokuwa akifanyia kazi kilipofungwa. Siku ya theluji kubwa, makocha wenyewe walipokwama njiani, yeye alivuka daraja la Mto Maumee kwa miguu na kufika kabla ya milango kufunguliwa. Mheshimiwa mmoja wa suti ya kijivu aliwahi kukaa kiti kisicho chake akauliza kama anajulikana yeye ni nani. Mama Verlene alimulika tiketi yake kwa tochi, akamjibu kwamba anajulikana vizuri sana, yeye ni mtu wa mstari wa M.

Neno lake ni moja: "Kaa chini." Hulisema kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili hajawahi kulihitaji.

Wasiojua kazi yetu hudhani tunatazama mechi bure. Mhudumu wa viti husimama ameupa uwanja kisogo, macho kwa mashabiki. Mechi zaidi ya elfu moja na mia mbili Mama Verlene ameziona kwenye nyuso za watu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mnalisubiri, maana wengine mlikuwa na kinyongo naye.

Timu ikiwa mbovu, na yetu imekuwa mbovu kwa ustadi mkubwa, ikifika Machi hakuna anayezungumzia ushindi tena. Watu huzungumzia bahati nasibu ya Mei, ile ya kuamua nani atangulie kuchagua wachezaji wapya. Mipira kumi na minne midogo huzungushwa kwenye mashine, inatoka minne, na kila timu iliyoboronga ina namba zake. Ukiwa wa tatu kutoka mkiani unapewa nafasi mia moja arobaini katika elfu. Ukiwa wa nne, mia moja ishirini na tano. Kwa hizo kumi na tano, watu wa Jukwaa 114 wangeweza kung'oana meno.

Profesa wao alikuwa Mzee Kalman Petrasek, fundi kioo mstaafu, mstari wa C, kiti namba 7, mwenye daftari la hesabu za bahati. Mpinzani wake alikuwa Cleotha Minnifield, dereva wa basi la shule.

"Tukitangulia tunamchukua yule mrefu wa Latvia, mjadala umekwisha," Cleotha alizoea kusema. "Mchague aliye bora!"

"Warefu tunao watatu, wote wanapasha benchi moto. Mchague unayemhitaji. Sisi tunahitaji mtu wa kutoa pasi."

"Ndiyo maana hata mke ulimchagua kwa sababu anajua kupika!"

"Na miaka hamsini nimekula vizuri. Wewe ulichagua sura, leo unakula soseji za Crump."

Hapo nami niliingilia kutetea biashara yangu. Lakini kwa jambo moja wawili hao walikubaliana: ili tupate nafasi nzuri, tufungwe.

Majira ya baridi ya mwaka jana daktari alimwambia Mzee Kalman ukweli kuhusu mapafu yake. Mzee alimwambia mtu mmoja tu, Mama Verlene, kwa sababu alihitaji mkono wa kumshusha ngazi. Alimwambia pia kwamba bado anataka tufungwe, wajukuu wake wapate timu ya maana.

Ikaja mechi ya mwisho ya msimu huo, Jumapili mchana. Tukishinda, tunapanda hadi wa nne kutoka mkiani. Zimebaki sekunde nne, tuko nyuma kwa pointi moja, na kijana wetu anapewa mitupo miwili ya adhabu kwenye kikapu kilicho mbele ya Jukwaa 114. Kawaida watu wetu hupunga taulo kumvuruga mgeni anaporusha. Siku hiyo walisimama, Mzee Kalman mbele yao, wakampungia kijana wetu wenyewe akose! Majimbo tisa, ndugu zangu, na sijaona kitu kama hicho.

Mama Verlene alipanda ngazi tatu. "Kaeni chini! Mtoto yule ni wetu!"

"Mama, akipata tunapoteza nafasi kumi na tano!" Cleotha akalia. "Fikiria mwakani!"

"Siyo kila mtu humu ana mwakani."

Sisi wengine tulidhani anajisemea mwenyewe. Mzee Kalman alishusha taulo, akakaa, na jukwaa zima likakaa nyuma yake. Mpira wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Tukashinda kwa pointi moja, na Mama Verlene hakugeuka hata mara moja. Aliuona ushindi ule kwenye uso wa Mzee Kalman.

Mei mashine ikazunguka. Timu iliyokaa pale tulipoondoka, ya tatu kutoka mkiani, ndiyo iliyotoka ya kwanza, ikamchukua Mlatvia. Sisi tukachagua wa sita.

"Asante sana, Mama Verlene," Cleotha alimwambia, na sote tulielewa ile haikuwa asante. Wapo walioandika barua ahamishiwe jukwaa jingine. Hakujitetea kwa yeyote, wala hakutoa siri ya mzee. Siku moja tu, akipaka haradali kwenye soseji yake, aliniuliza, "Thaddeus, nilikosea?" Mimi ninayejua majibu ya kila kitu nikamgeukia mteja aliyefuata. Julai aliandika barua ya kustaafu.

Oktoba msimu ulipofunguliwa, Mzee Kalman alishuka ngazi akiwa na mtungi wa hewa, ameshika mkono wa Mama Verlene. Hakukaa. Aligeukia watu.

"Mwaka mzima nilikuwa nahesabu mipira," alisema, akivuta pumzi kila neno. "Huyu mama akanikalisha nikatazama mpira. Daktari anasema huenda nisione ushindi mwingine. Mwenye neno na Verlene, aanze na mimi."

Cleotha alivua kofia. Mama Verlene alisema tu, "Mzee, kaa chini, unaziba watu."

Mzee Kalman alitutoka Januari. Mwezi uliopita mwanawe alileta bahasha ofisini: tiketi ya mstari wa C, kiti namba 7, mechi ya Jumapili hii, na jina la Verlene Bodnar kwa mwandiko wa lile daftari.

Uongozi umekubali. Jumapili atafanya kazi robo tatu za kwanza za mechi, kisha avue fulana yake nyekundu ya kazi, akae kwenye kiti hicho.

Mama Verlene, hukukosea. Nimechelewa miezi kumi kukujibu. Asante kwa tochi yako, kwa theluji uliyoivuka, na kwa siri uliyoitunza ikikuumiza. Tunakutakia afya, miguu isiyouma, na miaka mingi ya kutosimamia mtu yeyote. Na robo ya nne itakapoanza, Jukwaa 114 lote litakuambia neno lako mwenyewe, Cleotha akiwa wa kwanza: Kaa chini, mama. Uwanja uko mbele yako.